Dakika Tano za Kimya

Chumba cha kompyuta, ghorofa ya chini, Groningen.
Vituo arobaini, viti vya magurudumu,
kidirisha kimoja kinachotazama baiskeli zilizolowa.
Hapa hakuna mwenye mashine yake.
Unakaa popote, unaandika jina, unaandika nenosiri,
hodi,
na nyumba yako inakuja.

Mimi ndiye niliyeifundisha kuja.
Mistari sita katika faili moja, Novemba, nikiwa na mafua:
mtu akiingia, itafute saraka yake kule sevani,
ivute kupitia waya, ipachike mbele yake
kabla hajamaliza kuvua glavu.
Akitoka, hesabu dakika tano za kimya,
kisha ibandue, taratibu, usiamshe mtu.
Wenyewe hawajui. Wanadhani faili zao
zililala humo humo, chini ya kibodi.
Na wadhani. Kazi yangu ikitajwa, ujue imeharibika.

Jelmer, mkuu wangu, anapenda vitu vinavyobanduka.
"Kilichopachikwa na hakitumiki," husema, "ni deni."
Kila Ijumaa nampelekea orodha:
nani kapachikwa, wapi, tangu lini.

Wiki ile ya theluji chafu, mstari mmoja haukushuka.
Mtumiaji codrinb, kituo cha kumi na tisa,
saa sitini na moja.
Nikadhani seva imekwama. Nikaangalia diski: nzima.
Swichi: nzima. Nikaapa kwa Kifrisia, lugha ya mama,
maana Kiholanzi hakina matusi ya kutosha kwa kebo.
Kumbukumbu zilisema jambo moja tu:
mle ndani mna mtu, anahifadhi,
anahifadhi,
anahifadhi.

Nikashuka saa saba usiku na ufunguo na tochi.

Alikuwa amelala ameketi, shavu juu ya skafu,
soksi zimeanikwa kwenye upepo wa moto wa kompyuta,
mswaki umesimama ndani ya kikombe cha kahawa.
Kidole kimoja kilikuwa kimeangukia kibodi
na tasnifu yake juu ya udongo wa mitaro
ilikuwa imefika mahali pasemapo jjjjjjjj,
kurasa kwa kurasa za j,
na programu, tiifu, inaziweka zote akiba,
na mistari yangu sita, tiifu zaidi,
inaishikilia nyumba isianguke.

Sikumuuliza tangu lini. Orodha ninayo.
Akaamka, akaongea Kiingereza kilichopigwa pasi
kama cha barua ya maombi:
yupo wa mia tatu na kumi kwenye foleni ya vyumba,
kesho ataondoka, samahani kwa habari ya soksi.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Hii ilikuwa ya tatu.

"Toka kwanza," nikamwambia, nikionyesha skrini.
Akazifuta j, moja moja mwanzoni, kisha kwa mafungu.
Akatoka. Tukakaa.
Nilitaka aone, sijui kwa nini, kitu ambacho hakionekani:
dakika ya kwanza, ya pili, feni ikipungua sauti,
ya nne akavaa soksi, zilikuwa hazijakauka,
ya tano, kwenye simu yangu, mstari wake ukafutika.
"Imeenda wapi?" akauliza.
"Haijaenda. Ipo ilipokuwa siku zote. Wewe ndiye uliyehama."
Neno hilo likanitoka vibaya. Akacheka kwa pua.

Ijumaa Jelmer aliikagua orodha, akakuna kidevu.
"Kumi na tisa ilikuwa na nini?"
"Kipima muda," nikasema.

Kwangu kuna chumba cha meza ya pasi na paka mzee.
Theluji ilikuwa imeziba mlango usiku kucha;
koleo lilikuwa barazani, sikulitaja,
akalichukua mwenyewe.
Kisha akaingia na mashavu mekundu, akafungua kompyuta yake,
akaniuliza nenosiri la mtandao wa hapa nyumbani.
Nikaliandika nyuma ya risiti ya samaki.